MASHINE HUFIA PWANI KABLA YA KUFIA BAHARINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wavuvi)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya mashine za mashua, hizi zifungwazo tezini, na hasa juu ya mpira wa mafuta na viungio vyake. Huenda wakawapo watakaouliza: "Je, hiki ni chama cha siasa au ni karakana?" Jawabu letu ni fupi. Mwanachama anayetoka Nungwi au Mkoani alfajiri na asirudi jioni, hana tena kadi wala kura. Uhai wa mvuvi ndio mwanzo wa siasa ya kisiwa, na jambo lolote linaloulinda uhai huo ni haki kusemwa katika mkutano huu.

Mashine inapozima baharini, watu hudhani kuwa kitu kikubwa kimevunjika. Aghalabu sivyo. Mara nyingi kilichoshindwa ni kitu kidogo kilichoko baina ya tangi na mashine: mpira uliopasuka, kiungio kilicholegea, chujio lililoziba. Thamani ya kitu hicho ni ndogo mno ukiilinganisha na ya mashine, seuze na ya roho za watu. Mashine ikizima katika kilindi cha baina ya Pemba na bara, ambako maji yana kina cha mamia ya mita, nanga haifiki chini. Mkondo wa bahari yetu huelekea kaskazini, na katika msimu wa kusi huzidi nguvu. Chombo kisichokuwa na mashine wala tanga huchukuliwa kama kifuu cha nazi.

Basi na tuifuate njia ya mafuta tangu mwanzo wake. Juu ya kifuniko cha tangi pana skurubu ndogo ya kuingizia pumzi. Ndani ya tangi mna mrija ufikao chini, wenye chujio mwishoni. Kisha pana kiungio, halafu mpira, na katikati ya mpira lile puto tunalolibana kwa mkono kabla ya kuwasha. Kisha kiungio cha pili, pampu ya mafuta, na kabureta. Mshale uliochorwa juu ya puto sharti uelekee kwenye mashine. Ukigeuzwa, mafuta hayapiti.

Puto hilo ni kama mshipa ambao tabibu humshika mgonjwa. Likibanwa likawa gumu na likabaki gumu, njia ni nzima. Likiwa laini daima na halijai, ama tangi ni tupu, ama pana mahali panapovuta hewa, ama vali zake zimekufa. Likinywea na kubaki limebonyea, mafuta yamezuiliwa huko nyuma: skurubu ya pumzi haikufunguliwa, au mrija wa tangini umeziba. Na mashine ikienda vyema polepole lakini ikafifia kila inapoongezwa mwendo, mtu mmoja alibane puto mara kwa mara. Ikipata nguvu tena, ijulikane kuwa plagi hazina kosa. Upungufu uko katika njia ya mafuta au katika pampu yake. Elimu hii haina gharama, na yatosha kumrudisha mtu nyumbani.

Sasa twende kwenye ubaya tunaoutenda kwa mikono yetu. Mpira wa mafuta ukipasuka, tunakata kipande cha mpira wa kumwagilia bustani, tunakifunga kwa waya au kwa ukanda wa tairi ya baiskeli, tukasema, "Yatosha kwa leo." Haitoshi. Mpira wa maji haukutengenezwa kustahimili petroli. Huvimba au hukakamaa, kisha humeguka vipande vidogo vinavyokwenda kuziba vitundu vyembamba vya kabureta. Waya nao hukata. Mpira uliotengenezwa kwa mafuta, uliofungwa kwa klipu isiyoshika kutu, ndio mpira. Mwingine wote ni mtego.

Wala madhara hayaishii katika kuzima tu. Mashine nyingi tunazozitumia ni zile zinazochanganyiwa oili ndani ya petroli. Oili hiyo haina njia nyingine ya kufika ndani. Basi mpira ukivuta hewa, mashine hukosa mafuta na oili kwa pamoja. Huenda kwa kelele na joto, mpaka pistoni ikakwaruzika na kukwama. Hivyo ndivyo kiungio kimoja kibovu kinavyoua mashine nzima.

Kipimo cha mchanganyiko nacho si jambo la kukisia. Kwa mashine nyingi za namna hiyo kipimo ni sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili, yaani mililita 20 kwa kila lita 1. Dumu la lita 20 hupata mililita 400. Mashine mpya hutaka oili zaidi katika saa zake za mwanzo, na kila mwenye chombo afuate kitabu cha mashine yake. Ajitahidi pia kutumia oili ya mashine za mashua, wala asitie oili chafu iliyomwagwa garini. Tena, mashine yenye mahali pake pa oili isichanganyiwe kitu ndani ya petroli.

Juu ya usafi wa mafuta tutasema maneno mawili. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo hukaa chini ya dumu, palepale mrija unapovutia. Dumu liachwe litulie, mafuta yamiminwe kwa kichujio, na tone la chini lisitiwe tangini. Asiyetaka kupoteza kikombe kimoja cha petroli chafu atapoteza siku nzima ya bahari.

Na juu ya moto tusitahayarike kusema kweli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Haupai juu ukaondoka, bali hushuka na kutuama ndani ya ngama, chini ya miguu ya mabaharia. Hauonekani. Sigara moja au jiko moja la makaa latosha. Kwa hiyo tangi la kubebeka lishushwe pwani, liwekwe juu ya ardhi, lijazwe huko, lifungwe, ndipo lipakiwe. Na pale inaposikika harufu ya petroli chomboni, asiwashe mtu kitu chochote mpaka uvujaji umeonekana na ngama imepigwa na upepo.

Chombo kirudipo, kazi haijakwisha. Maji ya chumvi hula mashine kimyakimya. Mashine itiwe ndani ya pipa la maji matamu na iendeshwe dakika chache, huku mchirizi wa maji utokao ubavuni ukitazamwa. Mchirizi usipotoka, izimwe mara moja, maana kirafadha cha mpira kilicho ndani ya pampu ya maji kimechoka au njia imeziba. Isiwashwe kamwe katika ukavu. Oili ya gia nayo itazamwe: ikitoka nyeupe kama tui, maji yameingia.

Ndugu wanachama, mpaka hapa hapana mtu atakayebishana nasi. Lakini sasa twafika mahali penye ugumu. Sote twajua kuwa katika vyombo vingi vya pwani yetu samaki wakishauzwa hutengwa fungu la chombo, fungu la nyavu na fungu la mashine, kisha mabaharia wakagawana yaliyobaki. Twauliza: fungu la mashine huenda wapi? Likienda kwa mashine, sisi tumenyamaza. Lakini mara ngapi fungu hilo limekuwa la arusi, la bati la nyumba, au la madeni ya dukani? Mwenye chombo hulila akiwa pwani, na baharia hulilipa akiwa katikati ya maji. Huo si mgawo wa haki, hata kama umerithiwa kwa wazee.

Hatusemi haya kwa kumchukia mwenye chombo. Wengi wao ni wanachama wenzetu, na wengine wenyewe huingia baharini. Twasema kwamba fungu la mashine ni amana. Liandikwe katika daftari, liwekwe kwa mtu anayeaminiwa na pande zote mbili, na vitu vya kwanza kununuliwa viwe mpira kamili wenye puto lake, viungio viwili, klipu, plagi, na kirafadha cha pampu. Navyo viwe ndani ya chombo pamoja na spana na bisibisi, visiwe kabatini nyumbani.

Na wanapokuja watu wenye mamlaka kutugawia mashine mpya, tuzipokee kwa shukrani, lakini tuulize kwa adabu: vipuri vyake viko wapi, na ni nani atakayewafundisha vijana wetu kuzitunza? Mashine isiyo na vipuri ni zawadi ya msimu mmoja. Chama chetu kiko nje ya serikali, na ufunguo wa ghala hatunao. Lakini spana twaweza kuishika, na daftari twaweza kuliandika. Kila tawi la pwani na lianze na sanduku moja la vipuri vya shirika, anayechukua kipuri akirudisha kingine.

Neno la mwisho. Wazee wetu walikwenda Pemba na kurudi kwa tanga na kasia. Mashine imetupunguzia safari; isitunyang'anye akili. Kila chombo kichukue tanga na makasia yake, hata kama mashine ni mpya. Na kesho asubuhi, kabla ya kuisukuma mashua majini, kila mmoja wenu ashike mpira wake wa mafuta, aukunje kidogo kwa vidole, na autazame. Ukionyesha nyufa, asitoke.