Andalio la somo sokoni

Mwaka 2006, Paul Edelman, aliyekuwa mwalimu wa shule za umma jijini New York, alifungua gulio la aina yake kwenye intaneti: Teachers Pay Teachers. Muuzaji mwalimu, mnunuzi mwalimu. Bidhaa ni zile zile zinazomnyima mwalimu usingizi Jumapili usiku: andalio la somo, karatasi ya mazoezi, kadi za herufi, jaribio la dakika kumi.

Wengi huambulia hela ya vocha tu. Lakini mwaka 2012 Deanna Jump, mwalimu wa chekechea jimboni Georgia, akawa wa kwanza kuvuka dola milioni 1 humo. Macho yakawatoka watu.

Na hapo swali likachacha: mali ya nani? Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1976 inasema kazi aliyoifanya mwajiriwa katika majukumu yake ni ya mwajiri. Mwalimu atajibu kwamba aliiandika jikoni kwake saa nne usiku, kwa kompyuta aliyojinunulia, na hata karatasi za rangi zilitoka mfukoni mwake. Ana hoja, tena nzito. Kinachomuuma zaidi ni mwenzake anayeichukua kazi hiyo, akabadili mwandiko na picha, kisha akaiuza upya.

Mwaka 2023 gulio lenyewe lilinunuliwa na kampuni ya IXL Learning. Kwetu Afrika Mashariki biashara hii haisubiri duka: azimio la kazi hutumwa kwa WhatsApp, malipo kwa M-Pesa, na kesho yake faili limeshafika kwenye makundi matatu, bure.