Jicho la Samaki na Jicho la Mwanadamu

(Matini ya darsa iliyotolewa msikitini, Kishapu)



Darsa yetu ya leo yahusu jicho, na wa kutufunza ni samaki. Kila mmoja wetu anamjua furu aletwaye sokoni kutoka Ziwa Viktoria. Sisi kichwa chake humtupia paka. Wataalamu wamekitazama kwa makini, wakapata ibra.

Nyuma ya jicho mna utando mwembamba upokeao nuru. Waarabu huuita shabakiya, yaani kitu mfano wa wavu. Chembe hai zilizomo hutoa nyuzi ndefu, kwa mwanadamu zipatazo 1,000,000 katika kila jicho, nazo hufungamana kuwa mshipa mmoja wa fahamu uendao ubongoni. Mshipa huo ukifa, jicho laweza kubaki safi kama kioo, na mwenye nalo asione kitu.

Mwaka 1976, Landreth na Agranoff wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walieleza jaribio lao. Walichukua utando huo kwa samaki wa dhahabu, yule afugwaye majumbani katika matangi ya kioo, wakaukata vipande vidogo na kuviweka katika visahani vyenye majimaji ya lishe. Vipande hivyo, vikiwa nje ya mwili, vilichipusha nyuzi mpya. Tena, ikiwa mshipa wa jicho la samaki ulijeruhiwa siku kadhaa kabla, vipande vyake vilichipusha kwa wingi zaidi. Jeraha lilikuwa limeziamsha chembe zile. Ndiyo maana samaki aliyekatwa mshipa huo huweza kuona tena baada ya wiki kadhaa.

Nao Johns na Fernald, mwaka 1981, walieleza habari za samaki wa Ziwa Tanganyika aliye wa ukoo wa furu: kadiri jicho lake linavyokua, huongezeka chembe mpya za kupokea nuru.

Je, sisi? Mwanadamu hakujaaliwa hivyo. Uzi wa mshipa wa jicho lake ukikatika hauoti tena, na chembe iliyoutoa hatimaye hufa. Hapo ndipo ilipo hatari ya glakoma, ambayo wengi huiita presha ya macho. Huziua nyuzi hizo polepole, mara nyingi pasi na maumivu, ikianzia pembezoni mwa uoni. Uchunguzi uliofanyika Kongwa, mkoani Dodoma, na kutangazwa mwaka 2000, ulikuta maradhi haya kwa takriban watu 4 katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi.

Namkumbuka mzee wetu mmoja ambaye tulikuwa tukimshika mkono kumleta msikitini. Aliuza ng'ombe wawili ili anunue dawa kwa mtu aliyemwapia kwamba nuru itarejea. Mzee aliamini, kwa kuwa jirani yake alikuwa kipofu, akapasuliwa, akaona. Lakini jirani alikuwa na mtoto wa jicho, nao ni ukungu wa lenzi. Ukiondolewa, mtu huona. Mzee wetu mshipa wake ulikuwa umekufa. Ng'ombe walikwenda, na nuru haikurudi.

Basi ndugu zangu, aliyefikia miaka 40, hususan ambaye mzazi au ndugu yake ana glakoma, na akapimwe macho. Matone au upasuaji huhifadhi kilichobaki. Hadi leo hakuna dawa irudishayo kilichopotea. Aliyepewa matone asiyaache kwa kuwa haumwi. Wala tusitie majani machoni, kwani huweza kuleta vidonda na upofu mwingine juu ya ule wa kwanza.

Wataalamu wangali wakijifunza kwa samaki, na huenda siku moja ikapatikana njia. Hadi hapo, tukumbuke walivyosema wahenga: usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ukuta huu, ndugu zangu, fundi wake hatujampata.