Kitabu Kilichookolewa Vitani



Hakika mtu hujulikana kwa kile anachokilinda saa ya kushindwa. Mazungumzo yetu ya leo yanahusu maisha ya Enomoto Takeaki, samurai wa Japani aliyezaliwa mwaka 1836 katika mji wa Edo, ambao leo ni Tokyo.

Mwaka 1862 watawala wa ukoo wa Tokugawa walimpeleka Uholanzi kutafuta elimu. Huko alisoma uendeshaji wa merikebu na sheria za kimataifa za bahari, na mwaka 1867 akarejea na merikebu ya kivita, Kaiyo Maru. Mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ukaanguka, na serikali mpya ya mfalme ikadai ikabidhiwe merikebu zote. Enomoto akakataa. Akaondoka na merikebu nane hadi kisiwa cha kaskazini, Hokkaido ya leo, na maafisa wenzake wakamchagua kwa kura awe kiongozi wao. Lakini Kaiyo Maru ilikuwa imekwisha kuzama kwa dhoruba, na mwaka 1869 jeshi la serikali likamzingira mjini Hakodate.

Hapa ndipo penye mazingatio. Alipotakiwa asalimu amri alikataa, akajiandaa kufa. Lakini alimpelekea mkuu wa maadui zake, Kuroda Kiyotaka, kitabu chake cha sheria za bahari, kisije kikateketea, kwa kuwa nchi ingekihitaji. Baadaye akasalimu amri, akafungwa. Baadhi ya wakubwa walitaka auawe. Kuroda akanyoa kichwa chake na kumwombea msamaha, akisema kwamba mtu wa elimu ile hafai kupotezwa.

Je, msamaha ule ulikwenda bure? La hasha! Mwaka 1872 aliachiwa huru. Mwaka 1874 akatumwa Urusi kuwa mjumbe wa nchi yake, na mwaka 1875 akatia saini mkataba ulioipa Urusi Sakhalin na Japani visiwa vya Kuril, pasi na vita. Kisha akawa waziri wa jeshi la majini, wa mawasiliano, wa elimu na wa mambo ya nje. Alifariki mwaka 1908.

Mwandishi Fukuzawa Yukichi alimlaumu kwa kuitumikia serikali aliyoipiga vita. Lawama hiyo si nyepesi, kwani wengi walikufa wakimfuata. Lakini kile kitabu kilikwisha kujibu: utii wake wa mwisho ulikuwa kwa nchi, si kwa ukoo.

Basi tujiulize, ndugu zangu: tunapogombana, ni lipi tunalolinusuru kwa manufaa ya wote? Na tukishinda, tunao moyo wa Kuroda?