Maongezi juu ya mgongo, kwa wenzetu wanaobeba mizigo



Mwenzetu mmoja aliyerudi toka Nyarugusu alianza kubeba mizigo hapa Baraka wiki ile ile aliyofika. Kambini alikaa miaka mingi akingojea posho, kazi nzito hakuna. Siku ya kwanza tu aliwekewa mifuko ya simenti ya kilo 50, mmoja nyuma ya mwingine, mpaka boti ikaisha. Siku ya ine mgongo ulimushika, hakuinuka. Sanduku letu la msaada ndilo lililolisha watoto wake mwezi muzima. Hatumulaumu. Sisi ndio tulipashwa kumuambia, na hatukumuambia.

Tulipoleta habari ya mazoezi, wengine walicheka: «Mutu anabeba kutwa nzima, mazoezi ingine ya nini?» Swali ni zuri. Lakini mfuko haukungoji upate nguvu. Leo kilo 50, kesho kilo 50, hata ukiwa na njaa ao haukulala. Kwa mazoezi, wewe ndiwe unachagua uzito, unaongeza kidogo kidogo, kisha unapumzika, na katika kupumzika ndipo nguvu inaingia.

Vyuma havihitajiki. Bidoni ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20, ikiwa nusu ni kilo 10. Shika mbili, moja kila mukono, tembea hatua 30 kifua kikiwa wima. Pumua, rudia mara tatu. Halafu kumbatia moja kifuani, chuchumaa na kusimama mara nane. Mwisho jiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, hesabu mpaka 20. Ni robo saa, mara mbili kwa wiki, siku ambazo boti ni chache. Siku umetoka kupakua mizigo mingi, acha: kula, lala. (Na maji musimwage, wamama wanayangojea kupikia.)

Mgongo wa kawaida ukiuma, usilale kitandani wiki nzima. Tembea polepole, acha mizigo kwanza. Lakini mguu ukikufa ganzi ao ukilegea, ao mkojo ukikataa kutoka ao ukitoka wenyewe, nenda hospitali siku ile ile. Hiyo si ya kukandwa nyumbani.

Gunia la mihogo la kilo 100, hapo tuseme ukweli: mazoezi hayatoshi. Hilo ni la watu wawili ao la mukokoteni. Kamati itaongea na wachuuzi wajaze magunia madogo, na wafadhili wakituuliza tunahitaji nini, tutajibu mikokoteni miwili kabla ya kitu kingine.

Tunaanza Jumamosi asubuhi, nyuma ya ofisi. Kila mutu aje na bidoni yake.