Mgeni Aliyeketi Nyuma ya Nguzo: Mazungumzo juu ya Picha za Harusi

Tumeombwa tuseme machache juu ya kazi ya kupiga picha za harusi, kwa sababu kuna vijana wanaotaka kukopa kwa kikundi wanunue kamera. Juu ya maarusi wenyewe hatutasema sana. Keki, pete, shada la maua, kusimama chini ya mti, hayo kila mtu anayajua. Sisi tunataka kusema juu ya wageni.

Hebu fikirieni jambo hili. Mzee akifariki hapa kwetu, familia huanza kutafuta picha ya kuweka mbele ya jeneza na kwenye kitabu cha mazishi. Mara nyingi wanapata nini? Ile ya kitambulisho, ndogo, amekunja uso. Inakuzwa na kukuzwa mpaka uso unakuwa kama ukungu wa Nyambene mwezi wa Julai. Halafu mtu anakumbuka: "Si alikuwa kwa harusi ya fulani?" Albamu inaletwa. Mzee yupo kweli, safu ya nne, na nguzo ya hema imekata uso wake nusu. Au hayupo kabisa, na siku hiyo alitoa mbuzi, akabariki watoto, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akina nyanya wengi wa vijiji vyetu hawajawahi kwenda studio. Siku wanayovaa vizuri na kufurahi mbele ya kamera ni siku ya harusi ya mjukuu. Tukiwaruka siku hiyo, tumewaruka kabisa.

Mpiga picha wa miaka ya 1990 alikuwa na sababu yake. Filamu moja ilikuwa na picha 24 au 36. Aliinunua, akalipa kuiosha, na akijaribu kumpiga nyanya akicheza halafu apate mgongo wa mtu, hasara ilikuwa yake. Basi alipanga watu mistari kama paredi ya shule, akawanyamazisha, akapiga moja. Ndiyo maana katika albamu za zamani watu wote wanaonekana kama wamesomewa hukumu. Leo, kwa kamera ya kadi au simu, picha ya bure haipo, lakini picha iliyoharibika haigharimu kitu. Piga nne au tano za tukio moja, kwa sababu kuna mtu atafumba macho.

Picha ya mtu asiyejua anapigwa haitaki mbio, inataka kungoja. Fika mapema. Mwulize mama wa kamati nani ni nani: nyanya wa bibi harusi ni yupi, mjomba ni yupi, nani ametoka mbali, nani anaumwa na huenda asionekane harusi nyingine. Andika kwenye karatasi. Kisha jua mambo mazuri yanatokea wapi, maana si meza kuu tu. Kuna langoni asubuhi, akina mama wa bwana harusi wanapoimba wafunguliwe na wale wa ndani wanakataa. Kuna wazee wanapopokea miraa ya heshima, ile iliyofungwa vizuri kwa majani ya ndizi. Kuna jikoni! Akina mama wanaopika tangu usiku hawafiki mbele ya kamera hata mara moja, na bila wao hakuna harusi. Nenda pale kabla ya chakula kupakuliwa, si wakati moshi na haraka vimewazidi. Na kuna ile dakika mama wa bibi harusi anabaki peke yake baada ya gari kuondoka. Hiyo piga kwa mbali, mara moja, umwache.

Ukimpiga mzee aliyeketi, piga magoti. Ni heshima, na pia uso wake utaonekana badala ya kofia.

Juu ya mwanga tuseme kidogo. Jua la saa sita linatia kivuli machoni, na hema jeupe linaidanganya kamera, inadhani kuna mwanga mwingi, hivyo nyuso zetu zinatoka nyeusi bila macho wala tabasamu. Ngojea watu wakaribie ukingo wa hema au kivuli cha mti. Kwa simu, gusa uso kwenye kioo ili ipime hapo, usiiache ipime gauni. Tatizo hili ni la zamani: kwa miaka mingi rangi za filamu zilipimwa kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, wakaziita kadi za Shirley. Ngozi yetu haikuwa kwenye hesabu. Na pangusa lenzi kwa kitambaa safi, kwa sababu simu iliyoshikwa na mkono wenye mafuta ya nyama hupiga ukungu hata mchana.

Sasa tuje kwa jambo gumu. Mtu akipigwa bila kujua, je, amekubali? Kuna vijana wanaona raha kumpiga mtu akiwa ametia mfupa mdomoni, au mzee aliyelewa, au mama ambaye leso imemwanguka, halafu kabla ya jioni picha imefika kwenye WhatsApp ya kijiji kizima. Huo si ucheshi. Mtu alialikwa kula, hakualikwa kuchekwa. Ndugu zetu wa Pwani wana adabu ya kuigwa hapa. Katika sherehe za wanawake peke yao Lamu na Mombasa, ambapo buibui huvuliwa, mpiga picha anayeruhusiwa ni mwanamke, na mara nyingi simu za wageni hukatazwa. Wanajua picha ikitoka mlangoni hairudi.

Sheria pia iko. Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu kuwa habari zake. Mgeni anayepiga kwa matumizi ya nyumbani hana shida nayo. Lakini kikundi kinachouza au kutangaza kazi kimeingia ndani ya sheria hiyo. Mwaka 2023 Ofisi ya Kamishna wa Data ilitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kutoa picha za watoto bila idhini ya wazazi, na mahali pamoja pa starehe shilingi 1,850,000 kwa picha ya mteja. Ni kikundi gani hapa kinaweza kulipa hiyo?

Kwa hiyo mwambieni MC atangaze mapema kwamba picha zinapigwa na ni za nani. Asiyetaka aseme. Ukimpiga mtu bila yeye kujua, mwonyeshe baadaye. Akisema "hapana", futa akiona kwa macho yake. Mtoto, uliza mzazi. Picha ya kutangaza biashara, uliza tena, na iandikwe.

Tumalizie kwa pesa. Harusi nyingi huja Agosti na Desemba shule zikifungwa, na mkopo unadaiwa hata Februari. Mnakumbuka pia Uingereza ilipopiga marufuku miraa mwaka 2014, na Somalia ilipofunga soko kutoka Machi 2020 hadi Julai 2022: pesa zikikauka Igembe, harusi inasogezwa mbele. Anzeni na simu nzuri ya mwanakikundi mmoja, kamera ije baada ya harusi kadhaa. Chukueni malipo ya kwanza ya kutosha kuchapisha, na mwandike kwenye daftari ni picha ngapi za wageni mwenye harusi atapata. Wageni wengine waagize siku hiyo hiyo, kabla hawajapanda gari, kwa maana akishafika Laare au Mikinduri humpati tena. Hifadhini picha mahali pawili. Na nyuma ya kila picha iliyochapishwa andikeni jina na mwaka kwa penseli laini, kwa sababu wajukuu watakaoifungua hawatamjua.