HESABU ZA SERIKALI NA MBOLEA YA NYANDA ZA JUU KUSINI
(Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi)



Tumetakiwa tuseme machache juu ya Bunge na fedha za Serikali wakati wa dhiki ya uchumi, nasi tumekhiari kuyasema kwa mfano wa Mbeya na Iringa. Huenda wako miongoni mwetu watakaouliza: sisi watu wa visiwani tuna haja gani na nchi ya baridi iliyo mbali na bahari? Jawabu ni jepesi. Viazi mbatata na vitunguu tunavyopima madukani mwetu vingi vyatoka huko, na gunia la mchele lililoandikwa Kyela latoka huko pia (hata kama si mchele wote ulio ndani ya magunia hayo uliowahi kuiona Kyela, na hilo wenye maduka twalijua). Mbolea ikikosekana Mbozi au Mufindi, bei hupanda Darajani na Chake Chake. Tena bajeti inayogawa mbolea hiyo hupitishwa Dodoma, katika Bunge ambalo wamo watu waliopigiwa kura visiwani humu.

Turudi nyuma mwaka 2008. Mwezi wa Septemba benki ya Lehman Brothers ilianguka huko Marekani, na dhiki ikaenea duniani kama moto wa makuti. Bei za pamba na kahawa zikashuka, wageni wa mahoteli wakapungua, na watu waliokopa benki ili wanunue mazao ya wakulima wakajikuta wana deni kubwa na mzigo usiokuwa na bei. Kwa hesabu zilizotolewa wakati ule, uchumi wa Tanzania uliokua kwa asilimia 7.4 mwaka 2008 ulikua kwa asilimia 6.0 mwaka 2009. Tarehe 10 Juni 2009 Rais Jakaya Kikwete aliwahutubia wabunge na wazee Dodoma, akatangaza mpango wa kuunusuru uchumi wa kiasi cha shilingi trilioni 1.7. Kesho yake Waziri wa Fedha, Bwana Mustafa Mkulo, akasoma bajeti ya shilingi trilioni 9.5.

Sisi hatusemi kwamba mpango ule ulikuwa kosa. Duka likikumbwa na msimu mbaya, mwenye akili hukopa ili asifunge mlango. Lakini mpango ule, pamoja na mengine, ulifidia khasara za wanunuzi wa mazao, na mtu anayefidiwa ana jina. Wabunge wa upinzani waliendelea kudai katika miaka iliyofuata kwamba hesabu za fedha zile zikaguliwe na majina yawekwe wazi. Twaona walikuwa na haki. Sisi tuliosoma chuoni twajua kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu ni ile inayoamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Jambo hilo halikuachiwa uaminifu wa mtu, hata akiwa mcha Mungu.

Sasa tuitazame mbolea, maana hapo ndipo mkulima wa Iringa alipoionja bajeti kwa ulimi wake. Kuanzia msimu wa 2008/09 Serikali ilianzisha ruzuku ya pembejeo kwa njia ya vocha, na mikoa ya Nyanda za Juu Kusini ndiyo iliyotiliwa mkazo, kwa kuwa ndiyo ghala la mahindi ya nchi. (Wakati huo mikoa hiyo ilikuwa mikubwa kuliko ilivyo sasa: Njombe ilitengwa na Iringa mwaka 2012, na Songwe ikatengwa na Mbeya mwaka 2016.) Shauri lenyewe lilikuwa zuri. Kamati ya kijiji ilichagua wakulima. Mkulima akapewa vocha ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na ya mbegu. Vocha ilibeba kiasi cha nusu ya bei, nusu ya pili alitoa yeye. Wakala alipokea vocha na fedha, akatoa mfuko wa mbolea, kisha akaipeleka vocha benki alipwe.

Hebu tuihesabu njia hiyo kwa macho ya kiduka. Karatasi ile ilipita wilayani, kwenye kata, kijijini, kwa wakala, hadi benki. Kila mkono ulioipokea ulihitaji saini, na kila saini ingeweza kughushiwa. Mkulima asiyekuwa na nusu yake ya fedha alikuwa na vocha isiyomfaa kitu, wakala akamjia na noti chache, akamwambia, “Tia dole gumba hapa, ndugu yangu.” Akatia. Wakala akaenda kulipwa thamani kamili ya vocha, na mbolea haikutoka ghalani, au ilitoka ikauzwa kwa mwingine. Malalamiko ya namna hiyo yalisikika vijijini na bungeni mwaka baada ya mwaka. Tena kulikuwa na ucheleweshaji: mvua za nyanda zile huanza Novemba, na mbolea ya kupandia ikifika mahindi yamekwisha kuota, itamfaa nani? Mwishowe hata mawakala waaminifu waliingia matatani, kwani waliotoa mbolea katika misimu ya mwisho ya utaratibu ule walikaa miaka wakiidai Serikali malipo yao. Katika daftari la Serikali fedha zilikuwa zimetengwa, na shambani hapana kitu.

Je, Bunge lilikuwa na uwezo gani? Hapa twaomba tusikilizane vyema, kwa sababu wengi wetu hudhani kwamba mbunge akitaka aweza kuikataa bajeti na Serikali ikatetemeka. Ibara ya 90 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano yampa Rais uwezo wa kulivunja Bunge likikataa kupitisha bajeti iliyopendekezwa na Serikali. Maana yake, mbunge anayesema “sikubali” anapiga kura ya kujirudisha mwenyewe nyumbani, akaanze tena kutafuta kura na gharama zake. Nayo Ibara ya 99 yalizuia Bunge kushughulikia mambo ya kodi na matumizi ya Mfuko Mkuu isipokuwa kwa pendekezo la Rais lililoletwa na waziri. Kwa hivyo mjadala wa bajeti, pamoja na kelele zake zote, ni mazungumzo na mtu aliyekwisha shika ufunguo wa kasha.

Nguvu ya kweli huja baadaye, fedha zikishatumika, katika ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Ibara ya 143 yaamuru ripoti hiyo ifikishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kikao kuanza. Na kwa Kanuni za Bunge za mwaka 2007, kamati za hesabu zilikabidhiwa wenyeviti wa upinzani. Bwana John Cheyo alishika hesabu za Serikali, Dokta Willibrod Slaa za serikali za mitaa, na Bwana Zitto Kabwe za mashirika ya umma. Hiyo ilikuwa hatua ya heri.

Kwamba Bunge laweza, tulikwisha kuona. Mbunge wa Kyela, mkoani Mbeya, Dokta Harrison Mwakyembe, mtu wa chama kinachotawala, aliongoza kamati teule iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond, uliokuwa ukigharimu shilingi milioni 152 kwa siku. Ripoti iliposomwa, Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu tarehe 7 Februari 2008. Haikuhitajika risasi wala fujo. Zilihitajika karatasi na mtu wa kuzisoma kwa sauti.

Lakini mwezi wa Aprili 2012, ripoti ya Mkaguzi Mkuu Ludovick Utouh ilipozusha ghadhabu, Bwana Zitto akakusanya saini zaidi ya 70 za kumwondoa Waziri Mkuu Mizengo Pinda, Spika Anne Makinda, mbunge wa Njombe Kusini, alisema kanuni yataka taarifa ya siku 14, na kikao kilikuwa ukingoni. Tusimdhulumu bibi huyo: kanuni ilikuwapo. Hata hivyo, hofu ya saini zile ilifanya kazi. Tarehe 4 Mei 2012 Rais alipanga upya Baraza la Mawaziri, na mawaziri sita wakaachwa nje, Bwana Mkulo akiwa mmojawapo.

Tangu hapo mambo yamelegea. Mwezi wa Desemba 2021 marehemu Spika Job Ndugai alisema hadharani kwamba deni la taifa limefika trilioni 70, na kwamba iko siku nchi itapigwa mnada. Aliomba radhi, na tarehe 6 Januari 2022 akajiuzulu. Spika wa Bunge anataja deni, na anayeondoka ni yeye! Mahali pake akachaguliwa Dokta Tulia Ackson, mbunge wa Mbeya Mjini. Na zile kamati za upinzani? Baada ya uchaguzi wa 2020 uenyekiti wake ulishikwa na wabunge wa viti maalumu kutoka kundi la watu 19 ambao chama chao chenyewe kilikwisha kuwafukuza, nao wakabaki bungeni. Kanuni haikuvunjwa hata herufi moja, lakini mwenyekiti asiyekuwa na chama nyuma yake atamtegemea nani siku atakapotaka kumbana waziri?

Ndiyo maana twawaomba wanachama jambo moja. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu hutoka kila mwaka baada ya mwisho wa Machi, na yetu ya Zanzibar hupelekwa Baraza la Wawakilishi. Tawi litafute zote mbili. Wakutane watu watano wanaojua hesabu, wakiwamo akina mama wauzao sokoni ambao kwa hesabu hawana mfano, wasome sura zinazohusu hospitali, maji na skuli za wilaya yetu, waandike maswali, wampelekee mbunge na mwakilishi kwa barua yenye tarehe, na nakala ibaki. Asipojibu kwa mwezi mmoja, barua isomwe hapa mkutanoni. Majina ya watu watano yaanze kuandikwa leo. Daftari liko kwa Katibu.