BIMA, BUTURA NA KUJIKINGA NA MISUKOSUKO YA MAISHA

(Mada iliyotolewa kwa Waumini wa Igurwa, wilayani Karagwe, baada ya Swala ya Alasiri)

  

Ndugu zangu Waislamu, kila linapotajwa neno bima katika darsa zetu, jibu huja haraka: haramu. Baada ya hapo mazungumzo hufungwa. Leo nakuombeni tuyafungue tena, kwani huyo huyo aliyejibu haraka nimemshuhudia akiuza kahawa yake kwa butura, wala hakumuuliza yeyote hukumu yake.

Kwa wageni tulionao, butura ni kuuza kahawa ingali ua, au ingali changa mtini, kwa bei ya kutupa. Mnunuzi hutoa fedha leo na kuja kuchuma mwenyewe msimu ukifika. Serikali imekuwa ikiipiga marufuku, lakini usiku watu huandikiana karatasi. Mzazi wa mmoja wa wanafunzi wetu aligongwa na pikipiki, akavunjika mguu. Aliuza butura ya msimu mmoja ili alipie matibabu. Mguu haukupona upesi, akauza na wa pili. Mguu ulipopona, alikuwa akipalilia kibanja chake mwenyewe huku mavuno yakiwa ya mtu mwingine.

Sasa tuitazame butura kwa mizani ya Sharia. Mtume (SAW) alikataza kuuza matunda kabla hayajadhihirika kutengemaa kwake. Sababu pia imebainishwa: Allah akiyazuia matunda yale, muuzaji ataila kwa haki gani mali ya nduguye? Hiyo ndiyo gharar, yaani biashara ya kitu kisichojulikana kitapatikana au la. Ikiwa karatasi ile inasema kahawa isipotosha deni litaongezeka, basi gharar imeongezewa riba. Sharia haikumwacha mkulima bila ya njia. Ipo bei ya salam: mnunuzi hulipa thamani yote papo hapo, na muuzaji hujifunga kuleta kipimo maalumu, cha sifa maalumu, katika muda maalumu. Mauzo hayo hayafungwi na miti ya shamba fulani. Kibanja chako kikikosa, unatafuta kahawa ya sifa hiyo kwingine na kumletea. Tofauti ya mambo haya mawili kila mkulima wa Karagwe anapaswa kuijua kama anavyozijua nguzo za udhu.

Lakini tusiwe wepesi wa kulaumu. Watu hawauzi butura kwa kupenda. Huuza kwa sababu balaa limefika na nyumbani hamna kitu. Basi aliyeikimbia bima kwa kuogopa gharar, kisha akauza butura, ameikimbia gharar ya mlangoni akaipokea ya dirishani.

Wapo watakaosema kwamba kujikinga ni kupungukiwa na tawakkul. Nadhani sote tunaijua hadithi ya yule Bedui na ngamia wake; aliambiwa amfunge, kisha amtegemee Mola wake. Na Nabii Yusuf (AS) hakuwaambia watu wa Misri wangojee njaa; aliwawekea nafaka katika mashuke yake miaka saba.

Tukija kwenye hukumu, Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu ilikutana Jeddah mwezi Desemba 1985. Ikaamua kwamba bima ya biashara yenye malipo maalumu ina gharar kubwa inayoharibu mkataba. Katika uamuzi huo huo ikaeleza mbadala wake: bima ya ushirikiano iliyojengwa juu ya tabarru', yaani kuchangiana kwa hiari. Wengi wetu tumeishika nusu ya kwanza ya uamuzi na kuiacha ya pili. Insafu pia inatutaka tuseme kwamba Sheikh Mustafa az-Zarqa, mwanachuoni mkubwa wa Syria, aliona bima yenyewe inajuzu. Mimi naelemea kwenye rai ya Majmaa, lakini simtukani aliyefuata nyingine.

Asili ya kuchangiana huko tunaikuta kwa Ash'ariyyina. Chakula kilipowapungukia, walikusanya walichonacho katika nguo moja wakagawana sawasawa, na Mtume (SAW) akawasifu. Hapa kwetu pia tunavyo vyama vya kuzikana. Akifa mtu, kuni zinafika, ndizi zinafika, sanda inapatikana. Ni jambo jema mno. Ila chama cha kuzikana kinamzika maiti, hakimlishi yatima. Siku ya arobaini mjane hubaki peke yake na ada za shule, na mara nyingi mlango unaofuata ni ule wa mnunuzi wa butura.

Tufanye hesabu. Tuseme kaya 40 zinatoa shilingi 2,000 kila mwezi. Kwa mwaka ni shilingi 960,000. Kwa kawaida ya maisha, katika kaya hizo si zote zitakazopata ajali au msiba mwaka mmoja. Huenda ni mbili au tatu. Hasara ambayo ingeivunja kaya moja imekuwa shilingi 24,000 kwa kila kaya. Siri yote ya bima ni hiyo, nayo si ya Wazungu wala ya mabenki.

Hata hivyo mfuko wa kijiji una udhaifu wake, na ni vyema tuujue mapema. Unafaa pale balaa linapompata mmoja na kuwaacha wengine. Mnyauko wa migomba ulipoingia mkoani Kagera katikati ya miaka ya 2000, haukuchagua kibanja. Tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016, siku mbili kabla ya Idi ya Kuchinja, lilibomoa nyumba nyingi mkoani kwa mara moja. Siku kama hiyo, wachangiaji wote ni wahitaji. Kwa balaa la namna hiyo inahitajika duara pana kuliko kata, pana hata kuliko mkoa.

Wenzetu wa Wajir, kaskazini mwa Kenya, walilijaribu jambo hili. Kampuni ya Takaful Insurance of Africa ilianza mwaka 2013 kuwakatia wafugaji takaful ya mifugo. Hali ya malisho hupimwa kwa picha za satelaiti; yakikauka kupita kiwango kilichokubaliwa, mfugaji hulipwa bila ya mtu kuja kuhesabu mizoga. Mwezi Machi 2014 wafugaji 101 walilipwa. Ng'ombe wa Karagwe na migomba yetu vina mazingira tofauti na ya Wajir, lakini mlango umeshafunguliwa na Waislamu wenzetu.

Neno fupi kwa vijana wa bodaboda: bima ndogo ni lazima kwa sheria ya nchi, na aliyelazimishwa na sheria wanachuoni wengi wamempa udhuru. Msinunue stika za vichochoroni. Namba ya chombo huhakikiwa katika mfumo wa TIRA MIS. Na ukigongwa, nenda polisi upate PF3 na uandike namba za pikipiki iliyokugonga. Yule mzazi niliyemtaja alikuwa na haki ya kudai fidia kwa kampuni iliyoikatia bima pikipiki ile. Hakuna aliyemwambia, na mimi mwalimu wa mtoto wake nilikuwa miongoni mwa walionyamaza.

Baada ya mada, mzee mmoja aliuliza: "Ustadhi, nikichangia miaka kumi nisipatwe na lolote, si fedha yangu imepotea?" Nilimjibu kwamba ile si akiba yake, alishaitoa tabarru' siku aliyoitoa, na iliishia kwa jirani aliyevunjika mguu au kwa mayatima. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza nani atashika daftari. Tulikubaliana wawe watu watatu, mmoja wao mwanamke, na hesabu zisomwe msikitini kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi.